Dakika Tatu Nyuma

Taarifa ya kuomba radhi ilikuwa na aya nne, na zote nne zilikuwa nzuri. Binti aliiandika asubuhi moja kwenye meza ya jikoni, mama yake akimenya vitunguu pembeni. Alijua ianze vipi ili msomaji asizidi kukasirika, alijua neno samahani likae wapi, alijua sentensi ipi iwe fupi. Hayo ndiyo aliyoyasomea chuoni mpaka akapewa shahada ya mawasiliano. Aya ya mwisho ilisema: "Mimi ndiye niliyezima mtambo wa kuchelewesha matangazo. Sikutumwa na mtu. Kosa ni langu peke yangu." Chini yake akaweka jina lake kamili, kama lilivyo kwenye cheti.

Aya ile ilikuwa uongo mtupu.

Kampuni aliyoifanyia kazi iliendesha ligi ya michezo ya kompyuta. Vijana watano kwa watano, kila timu ndani ya chumba chake cha kioo, masikio yamezibwa kwa vipokea sauti, wanaviziana ndani ya skrini huku maelfu ya watu wakiwatazama kwa simu na televisheni. Mtazamaji huona timu zote mbili na mahali kila mchezaji alipojificha. Kwa sababu hiyo matangazo hayarushwi papo hapo. Hushikiliwa mtamboni dakika tatu kwanza, asije mwenye simu akamnong'oneza mchezaji kwamba adui yake yuko nyuma ya ukuta. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi ile, na hata mfagizi wa studio anaijua.

Siku ya nusu fainali Bosi alikuwa na mdhamini kwenye chumba cha wageni. Mdhamini akanung'unika kwamba anasikia wachezaji wakishangilia kabla hajaona kitu kwenye televisheni yake, kwamba ameigharamia ligi nzima halafu analishwa kiporo. Bosi akashuka mbio hadi chumba cha mitambo, akamwambia binti, ambaye siku hiyo alikuwa zamu ya mtamboni badala ya kutangaza, azime ule mtambo. Binti akamkumbusha kanuni. Bosi akamuuliza nani anamlipa mshahara, yeye au kanuni, kisha akainama akazima kwa mkono wake mwenyewe. Kocha wa timu ngeni alikuwa na simu mfukoni. Haukupita muda vijana wake wakaanza kupiga risasi kuta ambazo hawakuwa na sababu yoyote ya kuzipiga, na nyuma ya kila ukuta palikuwa na mtu. Watazamaji si wajinga. Jioni ile ile mitandao yote iliuliza swali moja, nani ameuza mechi.

Bosi naye hakukosa jibu. Alimwita binti ofisini, akamfungia mlango, akamsemesha kwa upole kama baba mkwe. Wewe ndiye mtu wetu wa mawasiliano, akamwambia, watu watakuelewa. Andika kwamba ulizima wewe. Watapiga kelele wiki mbili watachoka, nami nitakupa mkataba wa kudumu. Asicheke mtu yeyote ambaye hajawahi kuahidiwa mkataba wa kudumu akiwa na wazazi wanaozeeka. Binti aliandika.

Watu hawakuchoka kwa wiki mbili. Mkataba haukuja. Ulikuja ujumbe wa simu, mistari miwili, kwamba kampuni haiwezi kumweka mtu mwenye doa mbele ya kamera, na kwamba inamtakia kila la heri.

*

Kabla ya hapo mtaa ulikuwa umeanza kuizoea kazi yake, na haikuwa rahisi. Baba yake alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa na viti viwili, vioo viwili na televisheni ukutani, na wateja walimuuliza kila siku ilikuwaje mtu asomeshwe chuo kikuu kisha akatazame watoto wakicheza gemu. Baba akawaeleza kwa subira. Anatangaza mechi, akasema. Anaandika habari za timu. Anazungumza na wadhamini. Mchezaji akitukana mtandaoni, yeye ndiye anayemsemea mpaka watu wapoe. Aliyasema hayo mara nyingi hata wateja wakaanza kuyasema wenyewe, na Jumamosi za mechi duka likajaa watu wasiohitaji kunyolewa, wamekuja kusikia sauti ya binti wa kinyozi ikitoka ukutani.

Sasa sauti ile ile ilikuwa mzigo. Mteja mmoja aliyeitwa Domo, muuzaji wa vipuri vya magari mwenye kitambi na maneno mengi, ndiye aliyeianzisha mizaha. Alikaa kitini, akafungwa kitambaa, akasema, "Mzee, nywele zangu hizi tafadhali usiziuze kwa timu pinzani." Duka zima likacheka. Baba akacheka pia, kwa sababu mteja ni mteja, akaendelea kupitisha mashine kisogoni. Wiki iliyofuata Domo akauliza kama wembe umechelewa dakika tatu. Tangu hapo binti hakupita tena mbele ya duka. Alizunguka nyuma, kwenye mitaro ya maji machafu, akiwa amebeba viatu vyake vya kuombea kazi mkononi.

Kazi hakupata. Redioni walipenda sauti yake, kisha mmoja akaliandika jina lake kwenye simu, wakatazamana. Kwenye benki walikuwa wanatafuta mtu wa kujibu malalamiko ya wateja. Mama mmoja mwenye miwani akaisoma ile taarifa yote mbele yake, polepole, akasema imeandikwa vizuri sana, kwamba kama angekuwa mwalimu angeifundishia darasani. Kisha akamwambia hawawezi kumchukua. Kwenye kampuni ya maji hawakumkaribisha hata kukaa.

Nyumbani, chuki ilipata mahali pa kulala. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na tangu siku ile ya ujumbe wa mistari miwili alishona kwa hasira, akivunja sindano hovyo. Alimtaka mumewe aende kwa Bosi. Si kwenda kuomba, akasema, kwenda kumshika ukosi.

Baba alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati. "Mkono usioweza kuukata, ubusu," akasema.

"Basi mimi nitaubusu huku natafuta panga," mama akajibu. "Wewe kaa hapo hapo na mithali zako. Mtoto anapita kwenye mitaro kama mwizi, na baba yake anacheka na wanaomcheka. Kama ningejua nimeolewa na mto, ningeuweka kitandani."

Binti alikuwa chumba cha pili na alisikia kila neno, akaona mama ana haki. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumchukia baba yake kidogo, chuki ndogo ya aibu, ya mtu anayemtaka mzazi wake awe simba japo siku moja tu. Na chuki yake kubwa, ile ya Bosi, alikuwa nayo hata akipiga mswaki. Alimwazia mambo mabaya sana. Alimwazia akifilisika, akipigwa na mvua, akisimama foleni mbele ya dawati ambalo yeye binti amekaa upande wa pili.

Siku mbili tatu baadaye baba alifunga duka mchana, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akatoka na mkoba wake wa kazi. Alimwambia mkewe anakwenda kunoa mashine. Juma lililofuata simu ya binti ikaita, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa Bosi.

*

Alimwambia amemwonea huruma. Hapakuwa na nafasi ya utangazaji, hiyo alikuwa nayo mpwa wa mkewe, lakini mtambo wa kuchelewesha ulihitaji mtu wa kuukalia. Nusu ya mshahara wa zamani. Bila jina kwenye orodha ya mwisho wa kipindi, watu wasije wakauliza.

Binti alitaka kukata simu. Mama, aliyekuwa ameegemea mlango akisikiliza, akatikisa kichwa, akamfanyia ishara akubali. Simu ilipokwisha akamkalisha chini.

"Nenda," akasema. "Ukiwa nje ya nyumba ya mtu utamtupia mawe tu. Ukiwa ndani unajua nguzo iko wapi. Na mwosha huoshwa, mwanangu. Wewe kaa karibu na maji."

Baba alikuwa mezani. Alisema tu kwamba kazi ni kazi, akaomba chumvi. Mama akamtazama kwa dharau, akamsogezea.

Kwa hiyo binti akarudi. Chumba cha mitambo kilikuwa kidogo na chenye baridi kali, na kati yake na chumba cha watangazaji palikuwa na kioo kikubwa. Mbele yake palikuwa na skrini mbili. Ya kushoto ilionyesha kinachotokea sasa hivi, ya kulia ilionyesha kinachoonwa na watu majumbani, dakika tatu nyuma. Katikati palikuwa na kitufe kimoja. Ukikibonyeza, kila kilichoshikiliwa mtamboni kinafutika, watu majumbani wanaona ubao wenye maneno TUTAREJEA PUNDE, kisha mambo yanaanza upya.

Baada ya ile nusu fainali Bosi alikuwa ametunga sheria mpya. Mtambo utaguswa na mtu mmoja tu, kwa namba yake ya siri, na mlango wa chumba ufungwe kwa komeo la ndani wakati wa mechi. Aliieleza mbele ya wafanyakazi wote, huku akimtazama binti, kwamba safari hii likitokea la kutokea hatutauliza ni nani. Wengine wakacheka. Binti akaandika namba yake ya siri, akaikariri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kufagia. Mpwa alikuwa na sura nzuri na kinywa kichafu. Kila mara tusi lilipomponyoka, binti alikata. Mchezaji mmoja alilia kwa hasira akampiga mwenzake kibao, binti akakata. Bosi mwenyewe alipenda kuingia chumba cha watangazaji kutoa amri huku maiki ziko wazi, na kila akimaliza alimpungia binti mkono kupitia kioo, vidole viwili, kama anayemwita mhudumu wa hoteli. Binti alikata. Wakati mwingine alikata kabla hata ya vidole kuinuka, na alipofika nyumbani alijichukia kwa wepesi ule. Mama alikuwa akimuuliza kila jioni kama bado. Bado, alikuwa akijibu.

Bosi akamzoea. Akawa anasema mbele yake mambo ambayo mtu husema mbele ya ukuta.

*

Fainali ilikuwa Jumamosi mchana. Mdhamini wa zamani alikuwa amekimbia baada ya ile kashfa, na siku hiyo palikuwa na mtu mpya, mfanyabiashara mpole wa maneno machache, ambaye Bosi alikuwa akimtembeza studioni tangu asubuhi. Kama angetia saini, ligi ingepona. Kama asingetia, hapangekuwa na ligi.

Katika mapumziko kabla ya raundi ya mwisho hapakuwa na matangazo ya biashara ya kujaza muda, kwa hiyo watangazaji waliagizwa waendelee kupiga soga. Mpwa alitoka kwenda chooni na mwenzake akatoka kutafuta maji. Kamera ilibaki ikionyesha vyumba vya vioo vitupu. Maiki zilibaki wazi. Hapo ndipo Bosi alipoingia na mgeni wake, akamkalisha kwenye kiti cha mtangazaji ili ajisikie mwenye mji.

Mgeni akaangaza macho, akamwona binti ng'ambo ya kioo. Akauliza kama si yule msichana aliyeuza ile mechi, na kama ni busara kumweka mtamboni.

Bosi akacheka. "Yule? Yule hajauza hata sindano. Niliuzima mimi mtambo, kwa mkono huu. Yule mdhamini wa kwanza alikuwa ananipigia kelele. Nikamwambia binti aandike kwamba ni yeye, akaandika vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumkasirikia."

Mgeni hakucheka. Akauliza kama msichana hakulalamika.

"Alalamike na nani? Baba yake kinyozi. Alikuja hapa, akapiga magoti pale getini mbele ya walinzi wangu, eti nimrudishe binti yake kazini. Nikamwambia magoti hayatoshi, panda juu uninyoe. Akaninyoa nywele na ndevu, akanikanda na shingo. Sikumlipa hata senti, na akashukuru. Ndivyo walivyo watu wale, wamezaliwa kushika vichwa vya wenzao."

Binti aliyasikia yote kwenye vipokea sauti, wazi kabisa, kama anaambiwa sikioni. Kwanza aliisikia ile ya mtambo, na moyo ukamruka kwa furaha mbaya ambayo alikuwa ameingoja muda mrefu. Kisha akasikia ya magoti, na ile furaha ikazimika. Alimwona baba yake na mkoba wake wa kazi. Alimwona anaomba chumvi.

Mgeni alikuwa ameona taa nyekundu ya maiki ikiwaka mezani, akamwonyesha Bosi kidole. Bosi akatazama. Hakushtuka hata kidogo.

"Maiki iko wazi, usijali," akasema. "Tuko dakika tatu nyuma, na yule pale ndiye fagio langu." Akamwinulia binti vidole viwili. "Kata hiyo."

Kidole cha binti kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kilikwenda chenyewe, kwa mazoea. Akakitazama, akakiondoa, akauweka mkono wake mapajani. Kisha akanyoosha mguu, akahakikisha komeo la mlango limeingia vizuri.

Bosi aliinua vidole mara ya pili. Akagonga kioo. Ndipo alipoelewa, na uso wake ukabadilika mbele ya mgeni wake, polepole, kuanzia mdomoni. Akamwambia binti asifanye utoto. Akamwambia mkataba wa kudumu uko tayari, anautia saini leo hii. Akamwambia kiti hiki cha mtangazaji ni chake kuanzia kesho, mpwa hana lolote, mpwa ni mzigo wa mkewe.

Binti akabonyeza kidude cha kuzungumza na chumba cha pili. Sauti yake ilikuwa ile ya kazini, tulivu, ya kutangazia.

"Bosi, maiki bado iko wazi. Na hayo pia yameingia."

Bosi akaifunika maiki kwa viganja vyote viwili kana kwamba anamziba mtu mdomo, kisha akaiacha, akatoka mbio kuzunguka. Mara mlango wa chumba cha mitambo ukaanza kupigwa. Mgeni alibaki kitini peke yake, amekunja mikono, anatazama skrini, mtu anayengoja kuona amefika kununua nini.

Binti angeweza kuwaacha wote waungue pale pale. Alitaka hivyo kwa kila kipande cha mwili wake. Lakini ndani ya moto ule alikuwamo baba yake, na duka la baba yake saa ile lilikuwa limejaa. Akachukua simu.

*

Duka lilikuwa limejaa kweli. Viti vyote, benchi yote, na wengine wamesimama mlangoni. Domo alikuwa kwenye benchi, wa pili katika foleni, na ndiye aliyeshinikiza televisheni iwekwe kwenye fainali ili, kwa maneno yake, waone kama kuna mechi ya kuuzwa leo. Mama naye alikuwepo. Alisimama karibu na mlango na kanga mabegani, hakuja kwa mumewe, alikuja kutazama kipindi cha binti yake na kuwatazama wanaokicheka.

Baba alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Akaibana simu kati ya sikio na bega.

"Baba, ulikwenda kwa Bosi," binti akasema.

Baba akazima mashine. Akageuka upande wa ukuta, mgongo kwa wateja, akauliza kwa sauti ya chini nani kamwambia.

"Kasema mwenyewe, maiki ikiwa wazi. Kasema pia kwamba ni yeye aliyezima mtambo, kwamba mimi sikuwamo. Yako pamoja, baba. Siwezi kukata moja nikaacha jingine. Nikibonyeza yanafutika yote, hakuna atakayejua. Nisipobonyeza, yanatokea hapo ukutani kwako."

"Kasema na magoti?"

"Kasema."

"Na kwamba nilimnyoa?"

"Na kwamba hakukulipa. Na kwamba ulishukuru." Sauti ya mtangazaji ikamvunjikia. "Baba, sema nikate. Nitakata sasa hivi, wallahi. Sitakulaumu."

Upande wake ulisikika mlango ukipigwa na mtu anamwita mwanangu, mwanangu, mtu ambaye hakuwa mzazi wake. Upande wa baba zilisikika kelele za wateja, na Domo akiuliza kwa nini mashine imenyamaza, kama nayo imecheleweshwa. Watu wakacheka. Baba akageuka akawatazama, mmoja mmoja, watu ambao alikuwa amewanyoa tangu wakiwa na nywele za utotoni, akayapitia yale ambayo angewasikia wakisema kesho, na keshokutwa, na mwaka ujao. Kisha akamtazama mkewe pale mlangoni. Yeye hakuwa anacheka.

"Umebaki muda gani?" akauliza.

"Haufiki dakika."

"Binti yangu," baba akasema, "televisheni yangu hii sauti iko chini. Ngoja nitafute rimoti."

*

Binti aliitazama skrini ya kulia. Vyumba vitupu vya vioo, kisha kicheko cha Bosi, kisha yule hajauza hata sindano. Yalitoka kwa mpangilio ule ule, neno kwa neno, kwenye kila simu na kila ukuta. Mlango ukaacha kupigwa. Nje ya mlango Bosi alikuwa na simu yake mkononi, nayo ilikuwa inamsemea sauti yake mwenyewe, na zile simu nyingine za wafanyakazi ukumbini zilikuwa zinafanya vivyo hivyo. Mgeni alisimama, akarudisha kiti mahali pake, akatoka kwa mlango wa mbele bila kuaga mtu.

Bosi akaongea kupitia ufa wa mlango, na sasa alikuwa ananong'ona. "Sasa nitawaambia nini watu?"

"Hilo siyo la kitengo changu," binti akasema. Alichukua mkoba wake. Ligi ilikuwa imekufa na alijua, na walikuwamo vijana ndani yake ambao hawakumkosea lolote. Aliwahurumia. Hakujuta.

Dukani, maneno yalipofika kwenye ile ya mtambo, kulikuwa na minong'ono, na mmoja akaanza kusema kumbe. Kisha ikaja ya magoti. Sauti ilikuwa juu kabisa, baba alikuwa ameiongeza mpaka mwisho, na hapakuwa na mtu hata wa mlangoni aliyekosa neno. Getini. Mbele ya walinzi. Nywele na ndevu. Baba alisimama chini ya televisheni na rimoti mkononi akasikiliza yote, hakuangalia chini. Mama alikuwa ameshika mlango. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyegundua kwamba ametukana kaburi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na watu wa benchi walipomwona hivyo wakasogea, akaenda akakaa katikati yao, akaanza kuwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa akatafuta kitu cha kuangalia kwingine.

Baba akapunguza sauti. Akamaliza kichwa alichokuwa amekiacha katikati, akampangusa mteja shingo, akapokea hela yake.

"Ni kweli yote," akasema, si kwa mtu fulani. "Nilipiga magoti, na nilimnyoa. Ilikuwa kwa ajili ya mtoto wangu. Anayefuata nani?"

Anayefuata alikuwa Domo. Domo akasema anaona ana haraka, kwamba ataingia kesho, kwamba nywele zenyewe hazijawa nyingi. Baba akakung'uta kitambaa mara moja, kikapiga kama kofi, akakishikilia wazi juu ya kiti, akangoja. Hakuna aliyempisha Domo njia ya mlangoni. Mwishowe akaja akakaa. Baba akamfunga kitambaa shingoni, akafungua wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake, akauweka mahali ambapo Domo angeweza kuuona kwenye kioo.

"Inamisha kichwa," akasema.

Domo akainamisha. Baba akaweka vidole viwili kwenye kisogo kile kinene, akakibonyeza chini.

"Zaidi."